Manyoya Kwenye Pindo la Suruali

Hebu niambie, wewe umewahi kumsikia pugi akilia mpaka ukaweka jembe chini? Simsemi tetere, yule njiwa mkubwa mwenye kola nyeusi shingoni, anayelia juu ya paa mchana kutwa na hakuna anayemjali. Namsema pugi, yule njiwa mdogo anayeenea kwenye kiganja, anayejificha kivulini na kulia peke yake. Huanza polepole, hu, hu, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Kisha anaharakisha, na sauti inakimbia mpaka inaishia mahali usipopaona. Ukimtafuta kwenye mti humwoni. Ukirudi kulima, anaanza tena.

Basi huyo ndiye aliyekuwa akilia kwenye kahawa ya Salesio Alhamisi ile, Sajenti Mukiri aliposhuka kwenye Landrova na bahasha ya kaki mkononi. Salesio mwenyewe alikuwa kwenye chumba cha maiti cha hospitali huko chini. Jumanne asubuhi mke wake, Kaari, alikuwa amemkuta amelala kati ya mistari ya kahawa, hapo juu ya Nkubu, shingo imevunjika na kisogo kimepasuka.

Mukiri alikuwa mpelelezi, mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye tabia ya kuuliza jambo moja mara mbili kwa sauti ileile. Dereva wake aliitwa Konstebo Bundi. Bundi alitaka kesi iishe. Mkuu wa kituo naye alikuwa ameimaliza tayari: Riungu, mdogo wake Salesio, alikuwa ndani. Ndugu hao walikuwa wamegombania mpaka wa shamba, na Riungu alikuwa amesema mbele ya watu, pale wanapopima kahawa, "Siku moja nitakulaza kwenye hiyo kahawa yako." Tena Riungu huchoma makaa, na sweta ya marehemu ilikuwa na vumbi la makaa mgongoni kote. Jumatatu angepelekwa kortini kwa kosa la kuua, na miaka ile kosa la kuua lilikuwa kamba ya kunyongea.

Kaari alitoka jikoni akifuta mikono kwa leso. Hakuwakaribisha kiti. Walisimama uani, moshi ukipita katikati yao.

"Nimeshawaambia wenzako," alisema.

"Niambie na mimi, mama. Ulimkutaje?"

"Amelala kwa ubavu. Magoti amekunja kidogo. Kofia juu ya uso. Chini ya kichwa kulikuwa na majani ya ndizi."

"Yaliyoanguka?"

"Yaliyokunjwa. Kama mto."

"Uliyakunja wewe?"

"Mimi nilimkuta hivyo. Nikafikiri amelewa akajitandikia."

"Alikuwa mlevi?"

"Salesio?" Kaari alicheka kidogo, kicheko kikamshinda kukimaliza. "Hata chai ya tangawizi alisema inamchoma."

"Hayo majani, uliwaambia wenzangu?"

"Wao waliuliza panga la Riungu liko wapi."

Mukiri alimtazama Bundi. Bundi akaangalia gurudumu la gari.

"Kabla ya hapo ulimwona lini?"

"Wiki ile nyingine. Alikwenda Embu kuangalia mbuzi. Kila msimu huenda."

"Hurudi na mbuzi?"

"Mara nyingine."

"Na safari hii alirudi lini?"

Kaari alifikiri. "Hakurudi," alisema. "Nilimkuta tu amefika."

Pugi akalia tena huko chini. Kaari alijifunga leso vizuri mabegani, ingawa jua lilikuwa limetoka.

"Huyo hajanyamaza tangu siku ile. Watoto hawateremki tena huko kuchuma mboga. Na jioni nasikia mlango wa ghala ukifungwa. Yeye alikuwa anaufunga kwa goti, kwa sababu mikono imejaa. Nasikia lile goti. Nikienda kuangalia, mlango umefungwa, na mimi ndiye niliyeuacha wazi."

Mukiri hakumwambia kwamba ni upepo. Alishukuru, akateremka kwenye kahawa.

Sasa, hiyo bahasha. Nguo za marehemu zilikuwa zimekunjwa kwenye gunia kituoni, na hakuna aliyezikunjua baada ya kuona makaa. Mukiri alizitandaza zote juu ya gazeti. Suruali ilikuwa ya zamani, ya pindo pana chini, zile ambazo mafundi wa siku hizi hawashoni tena. Pindo la suruali ni mfuko ambao mwenyewe hajui kama anao. Ukipita kwenye mbegu linachukua mbegu, ukikaa karibu na moto linachukua jivu. Alifungua la kushoto polepole kwa kijiti cha kiberiti. Jivu kidogo likamwagika, na pamoja nalo manyoya matatu. Moja la bawa, la rangi ya kutu, limezungukwa na ukingo mweusi. Moja laini la kifua, la kijivu kinachokaribia waridi. La tatu fupi, la hudhurungi, lenye doa jeusi.

"Manyoya ya njiwa kwenye kahawa?" mkuu wa kituo alikuwa amesema. "Mukiri, hata kwenye chai yangu yamo."

"Ndiyo, mkubwa. Lakini nataka nijue ni njiwa gani."

"Wa kuliwa."

Ndiyo maana alikuwa huku. Mahali alipolala Salesio majani makavu yalikuwa yamekanyagwa na polisi, na mbwa, na jamaa. Hapakuwa na cha kusoma. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye migomba karibu na mtaro wa maji, akakaa juu ya jiwe, akamwambia Bundi akae pia.

"Afande, tumekuja kukamata njiwa?"

"Ukimkamata usisahau pingu."

Walikaa. Ukungu ulikuwa bado umelala chini ya migomba kama maziwa yaliyomwagika. Baadaye pugi alitoka. Alitembea kivulini, akigeuza majani kwa mdomo, uso mweupe, kifua cheupe mpaka tumboni, kama mtu aliyevaa aproni. Bundi alipiga chafya. Ndege akaruka chini chini kati ya kahawa, mabawa yakaonyesha rangi ya kutu, mara moja tu, akapotea.

"Si ndiye huyo?" Bundi alisema. "Ile kutu umeiona."

"Nimeiona. Kutu wanayo wote wadogo. Tafuta kisiki."

"Kisiki gani?"

"Mwewe hali chini. Hupeleka ndege wake juu ya kisiki, anamnyonyoa hapo."

Walikipata kando ya mtaro, kisiki cha mti wa mringa, na manyoya yamekizunguka kama mtu alipasua mto. Mukiri aliokota kumi na zaidi, akarudi nayo garini, akayaweka juu ya boneti ya Landrova, kwenye karatasi, na karibu yake akaweka yale matatu ya Salesio. Chini ya kivuli cha mti huwezi kuyatenga. Kutu ni kutu. Doa ni doa.

"Umeona?" Bundi alisema. "Ni ndugu."

"Sukuma gari mbele. Kwenye jua."

Bundi aliondoa breki, gari likateleza hatua chache mpaka kwenye mwanga. Mukiri alishika unyoya wa doa wa kisikini, akauinamisha huku na huku. Doa lilibaki jeusi kama wino, na ukilazimisha sana unaona buluu kidogo. Kisha akashika wa Salesio, akauinamisha vivyo hivyo. Doa likawaka kijani. Kijani kikali, kile cha mgongo wa nzi mkubwa wa chooni. Akalirudisha kivulini, likazima. Kwenye jua, likawaka.

Bundi alisogea. "Labda huyo ni dume, na wale ni majike."

"Umefikiri vizuri. Lakini hawa wa kahawa dume na jike hutofautiana kifuani. Dume mweupe, jike kijivu. Ndiyo maana kifua sikukitumia, kingenidanganya. Doa lao ni moja, jeusi."

"Na yule mdogo wa mkia mrefu wa huko Isiolo, mwenye uso mweusi?"

"Yule doa lake ni la zambarau. Tena hukaa mahali peupe, chini, juani, kama ng'ombe aliyeshiba. Na hasemi." Mukiri alikuwa amefanya kazi Isiolo, na baadaye Siakago, na mpelelezi anayevizia watu siku nzima kwenye kichaka hana kitu kingine cha kutazama isipokuwa ndege. "Huyu wa kijani ni pugi wa miiba. Wa nchi kavu. Huku hapandi, kivuli na baridi vinamshinda."

"Basi Salesio alikuwa Embu chini. Hilo mke wake amesema. Amerudi na manyoya yake, Riungu akampiga hapa. Kesi ni ileile."

"Inaweza kuwa."

Mukiri alifungua mlango wa nyuma wa gari, akatoa viatu vya marehemu, alivyoviomba hospitalini asubuhi. Aligeuza soli juu.

"Jumatatu mvua ilinyesha hapa?"

"Kutoka saa nane. Gari lilikwama."

"Kutoka barabarani mpaka hapa ni tope jekundu. Angalia gambuti zako. Sasa angalia viatu vyake."

Kwenye mifereji ya soli kulikuwa na mchanga mweupe, mkavu. Tope jekundu halikuwapo hata tone.

"Alivua viatu," Bundi alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Miguu yake ilikuwa safi. Nimeiona." Alivirudisha viatu kwenye gazeti. "Salesio hakutembea mpaka hapa, Bundi. Twende kwa Misheck."

Misheck alikuwa na bucha Nkubu, ukishuka kuelekea barabara ya Embu. Yeye ndiye aliyeandikisha kwamba alimwona Salesio mzima Jumatatu jioni, na neno lake ndilo lililokuwa likimkaba Riungu shingo. Walimkuta akikata mbavu za mbuzi, kofia nyeupe kichwani, mdomo wazi kwa kusalimia kila apitaye.

"Karibu sajenti! Nikupimie kilo?"

"Nipimie maneno kwanza. Jumatatu ulimwona Salesio?"

"Kwa haya macho. Jua lilikuwa linaingia."

"Akifanya nini?"

"Akipita."

"Kwa miguu?"

"Ah, hapana. Kwa gari."

Bundi alikohoa. Mukiri hakubadilisha sauti.

"Polisi uliwaambia ni gari?"

"Waliuliza kama nilimwona. Gari hawakuuliza. Ilikuwa pikapu ya makaa, yeye amekaa mbele, katikati."

"Mlisalimiana?"

"Mimi nilimsalimia." Misheck alikata ubavu mwingine. "Kondoo walikuwa wanavuka, gari likasimama hapo, hapo ulipo. Nikampungia kisu. Hakunipungia. Nikamwambia, Salesio, leo umekuwa DC, hutusalimii? Kimya. Hata hakugeuka. Kofia ameivuta hapa machoni. Nikasema, wacha, mtu akikaa mbele ya gari siku moja anaringa hivi."

"Nani mwingine alikuwa mbele?"

"Dereva. Na mama mmoja upande huu wa dirisha. Sikumjua. Alikuwa amepitisha mkono nyuma, amemshika hapa kisogoni, vile unamshika mtoto amelala, shingo isi..."

Kisu kilisimama juu ya nyama. Kondoo wa mtu walipita nje wakilia. Misheck alikiweka kisu chini taratibu, akaanza kufuta mikono kwenye koti lake jeupe, akafuta, akafuta tena.

"Sajenti," alisema, "usiniambie."

"Sijasema kitu."

"Mimi nilimtania. Nilimcheka, watu wakacheka."

"Hukujua. Pikapu ilikuwaje?"

"Ya kijivu. Mlango mmoja mwekundu. Ni ya Kithaka. Huleta makaa kutoka huko chini, ukipita Ishiara. Ngai. Nilimuuliza kama amekuwa DC."

Ijumaa waliondoka mapema. Lami ya kwenda Embu ilikuwa bado mpya miaka ile, na Bundi alipenda kuikimbiza, lakini Mukiri alimsimamisha kila mara, akamwambia azime injini. Pale Chuka walimsikia pugi wa kahawa, sauti inayokimbia bila kujikwaa. Walipoacha lami na kuanza kuteremka, kahawa ikaisha, migomba ikawa michache kisha ikakosa kabisa, na waliposimama walisikia matetere tu. Waliteremka tena. Joto liliingia kwenye gari. Miiba ikakaribia barabara pande zote mbili, mchanga ukawa mweupe.

Walipopita Ishiara Mukiri alimwambia azime tena.

Kulikuwa kimya kwanza. Halafu, kutoka ndani ya miiba, mmoja akaanza. Hu. Akanyamaza, kama amesahau anayemwita ni nani. Hu, hu. Akanyamaza tena. Ndipo maneno yote yakamtoka kwa pamoja, yakishuka, yakishuka, mpaka yakawa kama kitu kinachodundadunda ndani ya mtungi.

Bundi alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. "Huyu si yule wa kwa Kaari."

"Si yeye."

"Huyu ni mbaya zaidi."

Kwa Kithaka walionyeshwa na wachungaji. Pikapu ilikuwa uani, boneti juu, na mtu mrefu mwembamba amezamisha kichwa ndani ya injini. Aliwaona, akanyanyuka, akabaki na spana mkononi.

"Mlango huu mwekundu," Bundi alisema, "uliolewa kutoka gari gani?"

"Ulitoka Thika." Kithaka hakucheka.

"Jumatatu ulipeleka makaa Nkubu," Mukiri alisema.

"Mimi ni dereva tu."

"Dereva wa nani?"

"Muulizeni dada yangu, Ciakuthii." Akaonyesha kwa kidevu, ng'ambo ya korongo. "Mimi nilisema tuende polisi. Yeye akasema hapana, na mimi sikuweza kumwacha abebe peke yake."

Ulikuwa msimu wa mtama kuiva. Ukitazama chini ungeona mashamba yote na madungu yake, vile vichanja virefu vya miti ambavyo mlinzi hupanda juu yake, na juu ya kila dungu kulikuwa na mtu. Walipiga makelele, walipiga makopo, walizungusha kombeo na kurusha udongo, na ndege waliinuka kutoka shamba moja wakaangukia lingine kama shuka linalokung'utwa. Lakini hawakukaa popote ila shamba moja. Hapo walikuwa wametua weusi, wamejaa, na mtama ulikuwa unainama kwa uzito wao. Lilikuwa shamba zuri kuliko yote ya jirani. Dungu lake lilisimama katikati, tupu. Kombeo lilikuwa limening'inia pembeni, likizungushwa na upepo.

Watu wa madungu mengine hawakulitazama. Mukiri aliona hilo. Kila mmoja alikuwa amegeukia upande wake.

Mwanamke alikuwa amekaa chini ya ghala, anasokota kamba ya kiondo kwenye paja. Alikuwa na umri kama wa Mukiri. Aliwaona wakivuka korongo, hakusimama.

"Hujambo, mama. Wewe ni Ciakuthii?"

"Ndiye mimi."

"Ndege wanamaliza mtama wako."

"Wacha wale."

"Umelima vizuri hivi, halafu wale?"

"Hakuna wa kupanda pale."

Mukiri alikwenda mwenyewe. Chini ya dungu kulikuwa kumezungushiwa matawi ya miiba, yaliyokatwa juzi, majani yake yanaanza kukauka. Aliyavuta upande. Ngazi ilikuwa ya vijiti vilivyofungwa kwa kamba. Kijiti cha tatu kutoka juu kilikuwa kimekatika, na nyuzi za mti ndani ya mkatiko zilikuwa bado nyeupe. Chini yake lilikuwapo jiwe la kusagia lililovunjika, limegeuzwa kifudifudi. Mukiri aliligeuza, akaangalia damu iliyokauka, akalirudisha lilivyokuwa.

Mafiga matatu yalikuwa kando, na jivu baridi. Manyoya yalikuwa yamejaa hapo, yamekwama kwenye majani ya mtama. Aliokota lenye doa, akalielekeza juani. Likawaka kijani.

Alirudi chini ya ghala, akakaa kwenye mchanga mbele ya Ciakuthii, akafungua bahasha. Aliweka manyoya ya Salesio juu ya leso ya yule mwanamke, na lile jipya karibu yake. Bundi alikuwa amevua kofia bila kuambiwa.

Ciakuthii aliyatazama. Mkono uliokuwa unasokota ulisimama.

"Yalikuwa wapi?"

"Kwenye pindo la suruali."

"Nilimkung'uta," alisema. "Nilimfuta uso, nikamkung'uta mtama wote. Pindo sikufikiria."

"Alikula wangapi?"

"Wawili. Aliwanasa kwa kamba asubuhi, wakija kuokota zilizoanguka chini. Nilimwambia pugi hana nyama. Akasema hatafuti nyama, anapenda kukaa na moto huku nikizungumza."

"Kisha akapanda."

"Akapanda. Mimi nilikuwa upande ule. Nasikia kombeo lake, kwa! kwa! Ndege wanakwenda. Halafu sikusikia kombeo, nikasikia ndege wanarudi. Nikamwita. Nikasema amesinzia. Nikamwita jina, hawa jirani wote wakasikia." Aliokota kamba yake, akaiweka tena. "Nilimkuta ametazama juu."

"Jirani walijua?"

"Jirani wanajua kila kitu. Walinisaidia kumbeba. Hawatakwambia."

"Mbona hukupiga ripoti hapa?"

"Wangeuliza ni nani yako. Ningesema nini? Huja mtama ukiiva, huondoka ukivunwa. Miaka kumi na sita. Shamba liko kwa jina lake. Ningesema amefia kwangu, watu wake wangekuja, wangesema nimempa kitu, wangetufukuza." Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Na mtu huzikwa kwake. Kwake si hapa. Alinieleza mara nyingi: kahawa, migomba, mtaro, nyumba ya mabati iliyopakwa buluu dirishani. Nilimfikisha. Tulipanda naye jua limeshaingia, Kithaka kichwani, mimi miguuni. Niliijua ile nyumba kwa dirisha. Taa ilikuwa inawaka ndani, na mtu anakohoa. Sikukaa. Nilimkunjia majani tu."

Upande wa juu wa ghala, ndani ya miiba, pugi alijaribu, akanyamaza.

"Ciakuthii," Mukiri alisema, "kuna mtu ndani."

"Ndani wapi?"

"Selo. Riungu, ndugu yake. Wanasema alimpiga. Jumatatu anapelekwa kortini."

"Lakini Riungu hakufanya kitu."

"Najua. Ninayo manyoya, na viatu, na mwenye bucha aliyeona gari. Wakili yeyote atasema alirudi mzima na hiyo pikapu. Aliyekuwa amemshika shingo ni mmoja tu."

"Salesio alisema huyo ndugu ni mkali wa mdomo. Akisema atakuua, jioni anakuletea maziwa."

"Maziwa hayatamwokoa."

Ciakuthii alitazama shamba lake. Kundi la ndege liliinuka, likageuka pamoja, likatua palepale.

"Nikisema, atatoka?"

"Atatoka."

"Na mimi?"

"Sitakudanganya. Kubeba maiti na kuilaza mahali bila kuripoti ni kosa, wewe na Kithaka. Korti itauliza. Lakini hapo hakuna kamba. Kuhusu shamba, siwezi kukuahidi kitu."

"Watu wake watalichukua."

"Wanaweza."

Alikusanya kamba zake, akazitia ndani ya kiondo ambacho hakijafika nusu, akakiweka juu ya ghala, mahali ambapo mbuzi hawafiki. Alifanya hayo yote bila haraka. Kisha akaingia nyumbani. Alipotoka alikuwa amevaa viatu vya kufunga kamba na sweta, sweta nzito ya baridi, huku chini ambako hakuna anayehitaji sweta. Kithaka alikuwa amefika, akasimama mbali kidogo na mikono yake ya grisi.

"Funga boneti," Ciakuthii alimwambia. "Tunakwenda."

"Wote wawili?"

"Ulisema polisi. Hawa hapa."

Walivuka korongo. Kwenye dungu la jirani mwanamke mmoja mzee aliacha kuzungusha kombeo lake akawatazama wakipita, akainua mkono, akaushusha. Kithaka alipanda nyuma ya Landrova, Ciakuthii akaingia, akakaa karibu na dirisha. Bundi aliwasha injini, hakukimbia. Walipanda mpaka miiba ikaanza kuwa michache na upepo ukapoa.

"Taarifa utaandika leo, mbele ya mkuu wa kituo," Mukiri alisema. "Utalala kwangu, si kwenye benchi, hilo nitaliomba. Riungu atafunguliwa awahi mazishi."

"Mazishi ni lini?"

"Kesho."

"Na yule mama atakuwepo."

"Kaari. Atakuwepo."

Ciakuthii alitazama barabara mpaka lami. Alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya magoti, viganja vimetazama juu, kama havijui pa kukaa.

"Tangu nifike unataka kuniambia jambo," Mukiri alisema. "Si la kuanguka. Hilo umesema. Lingine."

"Ni dogo."

"Liseme."

"Utacheka."

"Sicheki, mama."

Waliingia kwenye kahawa. Ciakuthii alifunga vifungo vya sweta mpaka juu.

"Nataka kutupa udongo," alisema. "Mkono mmoja tu. Sisemi wa kwanza. Wakishatupa wote, yule mama, na watoto wake, na ndugu, na watu wa kanisa, wakianza kuimba na kugeuka kwenda kula, mniache nisogee, nitupe wangu."